Kufuli Kwenye Tenki

17 Februari

Consolate, mke wangu, amesema amechoka kusikia habari za lori mezani. Sawa. Ajenda, daftari la tarehe nililopewa parokiani mwaka mpya, bado nyeupe, nitaiambia yenyewe. Kiswahili cha kuandika nilikipata Kigoma, kambini, kabla hatujarudi Burundi, na tangu hapo hakijanisaidia kitu ila kusoma vibao vya barabarani.

Habari yenyewe ni hii: Parrain, mwenye lori, amelitia tenki kufuli. Mazutu, dizeli ya lori, imekuwa adimu mjini, stesheni za mafuta zimekauka, tunanunua ya mabidoni, madumu yanayovuka mpaka kutoka Uvira. Kwenye parkingi ukisinzia kidogo unaamka tenki tupu. Basi Parrain alipeleka lori kwa fundi wa kuchomelea, kifuniko cha zamani kikatolewa, kikawekwa kingine cha bati nene, chenye bawaba na pete ya kufuli. Chini yake wamegandisha mpira uliokatwa kwenye tyubu ya tairi, ili maji ya mvua yasiingie. Kinabana vizuri sana. Ufunguo ni mmoja na unakaa mfukoni mwa Parrain, kwake Mutanga Sud.

"Si juu yako, mwanangu," aliniambia. "Ni juu ya hawa wa parkingi."

Parrain ndiye aliyenisimamia ubatizo. Jina lake Honoré, lakini sijawahi kulitamka mbele yake. Ndiye aliyenifundisha usukani, na akaniachia lori lake wakati hakuna mtu mwingine angeniachia hata baiskeli. Nikasema asante, Parrain. Kufuli ni lake, na tenki ni lake.

20 Februari

Mchanga wa Kajaga, siku nzima, njia fupi fupi. Parrain anakuja asubuhi, anafungua, anamimina mazutu, anafunga, kisha analivuta kufuli kuhakikisha. Hakuna neno.

25 Februari

Lori limezima mlimani.

Tulikuwa na chumvi na ndagala, dagaa wa ziwani, za kupeleka Kayanza. Hadi nusu ya mlima wa Bugarama lilipanda vizuri. Halafu kwenye kona moja, penye ukuta wa mawe, injini ikaanza kukohoa, nguvu ikaondoka, nikakanyaga hadi chini na mguu ukakuta hewa tupu. Vijana wa baiskeli waliokuwa wameshikilia nyuma wakaanza kunitukana, kana kwamba walikata tiketi. Nikaweka mawe chini ya magurudumu.

Nimebadilisha filta. Nimelegeza skrubu ya kutoa hewa, haikutema kitu. Ile pompi ndogo ya mkono, pembeni ya injini, ilikuwa ngumu ajabu: naivuta, inarudi yenyewe kwa nguvu. Sijawahi kuona hivyo. Nilipokuwa napangusa mikono, tenki likalia ngo! kama sufuria inayopoa. Nikasema ni mvua. Baada ya muda nikawasha, ikawaka, tukaenda. Mbele ya Bugarama ikazima tena. Nimefika Kayanza wenye mzigo wameshanichukia.

26 Februari

Nimemweleza Parrain. Amesema, "Pompi." Na mimi nilisema pompi. Kwa lori la umri ule, kitu gani kingine?

4 Machi

Tumeifungua pompi ya kupeleka mazutu kwenye injini na kuipeleka Buyenzi, kwa Bahizire. Huyu ni mtu wa Uvira, ana mashine ya kupimia, na mjini hapa hakuna anayezijua pompi kumshinda. Alitoa vipande vyake vidogo, akavitandaza juu ya kitambaa, akatuonyesha kimoja kilichokwaruzika.

"Muone. Hii imekunywa petroli ya taa."

Parrain akanitazama, kama anayeuliza nani aliyeichanganya. Si kwa ubaya, alinitazama tu.

"Mazutu ya bidoni yote iko hivyo," Bahizire akasema. "Wanachanganya na mafuta ya taa kule kule mpakani."

Lakini Parrain alikuwa ameshasikia neno la kwanza, na la pili lilimkuta ameshapanda teksi. Mabidoni hayo anayanunua yeye. Nilitaka kumkumbusha, nikaona aibu.

8 Machi

Mvua. Lori juu ya mawe, mimi nyumbani Musaga. Consolate anauza mawese sokoni, mimi namsaidia kubeba. Watu wananiuliza kama nimestaafu.

12 Machi

Pompi imerudi. Nimeifunga mwenyewe, nimetoa hewa mpaka tone la mwisho. Parrain akafungua kufuli, akamimina, akafunga. Injini ikaimba. Nikajiambia, haya, imeisha.

Kona ile ile, kwenye ukuta wa mawe. Ikakohoa, ikazima. Tenki likalia ngo! baada ya muda, kisha lori likakubali kuwaka. Wakati wa kurudi nilikuwa na nyanya za mama mmoja wa Bugarama. Tulizima njiani mara ambazo sitaki kuzitaja, na nyanya za chini zikawa supu. Mama yule hakunitukana. Alizichagua moja moja akizipanga pembeni ya barabara, na hilo lilikuwa baya zaidi.

13 Machi

Parrain hakupokea simu.

20 Machi

Pompi tena kwa Bahizire. Ameiweka kwenye mashine mbele yetu, ameizungusha taratibu, ameizungusha kwa kasi.

"Pompi yenu ni nzima kuliko mi," akasema. "Mutafute kwingine."

"Kwingine wapi?" Parrain akauliza.

"Hewa. Kuna pahali hewa inaingia. Muangalie matiyo."

Nimeyaangalia matiyo, mipira yote inayopitisha mazutu. Nimebadilisha ya kutoka tenki, ya kurudi, na zile pete za washa za viungo vyote. Hakuna hewa inayoingia popote, naapa. Parrain alisimama nyuma yangu muda wote, mikono mgongoni.

29 Machi

Leo Parrain alisema, "Tunaenda wote." Nikafurahi. Nikasema sasa atajionea kwa macho yake.

Akapanda kando yangu na kijiti chake cha kupimia mazutu. Kila tulipofika pahali pa kusimama alishuka, akafungua kufuli, akachovya kijiti tenkini, akasoma alama, akaifuta kwa kitambaa, akafunga. Alianza tukiwa bado hatujatoka mjini, akafanya hivyo tena chini ya mlima, akafanya hivyo kwenye kona yangu ya ukuta wa mawe ambako nilimwambia, "Hapa, Parrain, ndipo inazima." Haikuzima. Yampayinka! Lori lilipanda Bugarama kama liko Kajaga ufukweni. Kayanza kwenda na kurudi, halikukohoa hata mara moja. Nilikuwa nashika usukani natokwa jasho, namuomba Mungu lizime. Ndiyo, niliomba lori lizime.

Tulipofika parkingi jioni madereva walikuwepo wote. Parrain akashuka, akafunga mlango polepole.

"Muone," akawaambia. "Mi nikiwa ndani, kamyo inapanda. Yeye akiwa peke yake, inazima. Juu ya nini? Nani anaweza kunielezea?"

Arnaud, yule dereva asiyeweza kufunga mdomo, akasema, "Labda pompi inakuogopa, muzee." Watu wakacheka.

"Pompi haiogopi mutu. Mwizi ndiye anaogopa. Anafungua tiyo ya chini, ananyonya mazutu, anaifunga vibaya, hewa inaingia, moteri inazima. Mi nilifunga juu, yeye akapita chini."

Fikiri: kila kitu alichosema kilikuwa kimepangika. Hata mimi, kama ningekuwa Arnaud, ningeamini.

"Parrain," nikasema, "mi sijauzisha hata kopo moja. Nakuapia."

"Usiniite Parrain hapa."

Akachukua kijiti chake akaondoka. Nilibaki nimesimama katikati ya wanaume ambao jana yake tulikula wote brochette, mishkaki, kwenye benchi moja, na hakuna hata mmoja aliyenitazama usoni.

30 Machi

Wameshanipa jina. Nimepita parkingi, Arnaud akapaza sauti, "Bidoni! Unasemaje, Bidoni?" Sijaitika. Sitaitika.

Na kwenye ajenda hii simwiti tena Parrain. Hataki niseme, basi. Ni Honoré.

1 Aprili

Honoré hajanifukuza. Amesema kwa simu niendelee "mpaka apate mwingine". Bora angenifukuza. Unamwita mtu mwizi halafu unampa usukani asubuhi, maana yake unataka amalize kazi akiwa na aibu yake mgongoni.

2 Aprili

Imezima kwenye kona.

4 Aprili

Imezima.

5 Aprili

Leo mchana Consolate alikuwa anachagua maharage kwenye ungo, mimi nimekaa mlangoni naangalia mvua. Hakuinua kichwa.

"Télesphore. Niambie mi peke yangu. Hatuko na mutu hapa."

"Nikuambie nini?"

"Uliuza?"

Akaendelea kuchagua maharage. Vidole vyake havikusimama, ndicho kilichonikata. Kama angelia, kama angepiga kelele, ningejua namna ya kumjibu.

"Consolate, we unanijua."

"Nakujua. Ndio maana nakuuliza kwa upole. Watu wote wanakula, maisha imekuwa ngumu, mi siwezi kukuhukumu. Nataka tu kujua, ili sokoni wakiniuliza nijue namna ya kudanganya."

Anataka kunidanganyia! Ananipenda hivyo, mwizi wake. Nilisimama nikachukua koti, nikaenda kukaa ndani ya lori mpaka mvua ikatike. Haikukatika haraka. Nilimfikiria Honoré, nikamfikiria mke wangu, na nikagundua kwamba yeye Honoré hajaniumiza kiasi hiki. Honoré ana lori la kulinda. Consolate alikuwa analinda nini?

12 Aprili

Imezima. Ngo!

20 Aprili, Pasaka

Honoré benchi la mbele. Wakati wa kupeana amani alinipa ncha za vidole.

26 Aprili

Nilipanda na magunia ya saruji, nikazima, vijana wa baiskeli wakapita wakiimba "Bidoni, Bidoni" kwa sauti ya wimbo wa kanisa. Jina limetoka parkingi, limeingia barabarani. Sijaitika.

Nimegundua pia kwamba sasa naangalia mikono ya kila mtu ninayekutana naye. Naangalia nani ana mafuta kwenye kucha, nani amenunua kiatu kipya. Nimeanza kuwaona wote wezi. Hivi ndivyo Honoré anavyoishi siku zote, nadhani. Ni maisha mabaya sana.

2 Mei

Siku hii niiandike vizuri.

Asubuhi nilimsindikiza Consolate sokoni Musaga na bidoni jipya la mawese. Mteja akaleta chupa yake. Consolate akainamisha bidoni, mafuta yakatoka kidogo, yakakwama, yakatoka kidogo, yakakwama, na mashavu ya bidoni yakabonyea ndani kama ya mzee asiye na meno. Akasonya. Akachukua msumari anaouweka kwenye kitambaa cha kichwa, akatoboa tundu dogo juu, karibu na mkono wa bidoni. Nimemwona akifanya hivyo miaka yote ya ndoa yetu. Mafuta yakatiririka bila kukata, na mashavu ya bidoni yakarudi nje kwa kishindo. Ngo!

Nilikaa chini pale pale, juu ya gunia la muhogo la mtu.

"Una nini?" Consolate akauliza.

"Hakuna."

Kifuniko. Kifuniko cha bati nene na mpira wa tyubu unaobana vizuri sana. Cha zamani kilikuwa na kitundu cha kupumulia, kila kifuniko cha tenki kina kitundu, na fundi wa Honoré aliziba kila kitu ili mvua isiingie na mwizi asiingie. Injini inanyonya mazutu, hakuna kinachoingia kujaza nafasi yake, tenki linabonyea ndani, linabana, mpaka pompi haiwezi kuvuta tena. Ndio maana pompi ya mkono ilikuwa inarudi yenyewe. Tukisimama, hewa inapenya pole pole mahali fulani, tenki linarudi mahali pake, ngo!, lori linawaka. Na Honoré akiwepo na kijiti chake, kila anapofungua apime kama nimeiba, analipa lori pumzi!

Nililia, sitaficha. Mteja wa mawese alidhani nimefiwa.

3 Mei

Nimepanda na mzigo mpaka kona ya ukuta wa mawe. Ikazima, mara ya kwanza nikaifurahia. Sikugusa kitu. Nikampigia simu.

"Umeisha kuuza, sasa unaniita?" akasema.

"Kuja na ufunguo. Ukikuta hata tone moja limekosekana, mi mwenyewe nitaita polisi."

Alikuja na teksi, tenki likiwa bado halijalia, mvua inanyesha, suruali ameikunja. Akatia ufunguo, kufuli likafunguka, kifuniko hakikuinuka. Akavuta kwa mikono miwili, wapi! Nikampa chuma. Alipokiinua kidogo tu, tenki likavuta hewa: fyuuu, ndefu, kama mtu aliyetoka chini ya maji. Halafu ngo! Honoré akaruka nyuma.

"Chovya kijiti," nikamwambia.

Akachovya. Mazutu yote ilikuwepo. Nikapanda, nikageuza ufunguo, injini ikawaka mara moja.

Alibaki ameshika kifuniko, mvua inamwingia shingoni.

"Ni hewa," akasema.

"Ni hewa. Tenki likitoa lazima liingize. We uliliziba."

"Na Bahizire hakuona?"

"Bahizire alipelekewa pompi. Hakupelekewa kifuniko."

Nikamngoja. Nilikuwa nataka neno moja tu, na nilikuwa tayari kumwita Parrain pale pale kwenye matope. Akafunga kifuniko, akakifungua tena, akakilegeza.

"Hii tuiache hapa kwanza," akasema. "Watu wa parkingi wako na midomo."

6 Mei

Fundi ametoboa kifuniko, ameweka kijitiyo kilichopinda kama fimbo ya askofu ili mvua isiingie. Kazi ndogo, hata kikombe cha chai hakikupoa. Nimekwenda Kayanza na kurudi bila kukohoa.

8 Mei

Honoré amesema Jumapili atakuja kwangu na vinywaji, tukae na watu. Kwetu aliyekosa ndiye anayebeba bia, anakuja nyumbani kwa aliyemkosea, anasimama mbele ya majirani na kusema. Basi atasema. Nimemwambia Consolate apike ndizi nyingi. Niliwaalika mwenyewe: Arnaud na madereva wengine, na Bahizire pia. Jina lililotolewa mbele ya watu lirudishwe mbele ya watu.

11 Mei

Makreti ya bia yaliingia mbele yake. Nilivaa shati la ndoa. Watu walijaa mpaka uani.

Honoré akasimama na glasi.

"Ndugu zangu, katika familia kunatokea mambo. Huyu ni mutoto wangu wa ubatizo. Kuna habari zilipita kati yetu juu ya mazutu. Mi ni mutu muzima, nimeziweka chini. Télesphore, mbele ya watu wote hawa, nimekusamehe."

Wakapiga makofi. Walipiga makofi kwa nguvu! Consolate akafuta macho, akasema, "Asante, Parrain."

Nikasimama. "Unanisamehe nini?"

Honoré akainua glasi anywe. Sikumngoja.

"Waambie juu ya kifuniko. Waambie juu ya tundu."

"Tundu gani tena, mwanangu?" Alikuwa anatabasamu, lakini jicho lilikuwa linaniomba. "Pompi ilikuwa na kasoro, Bahizire akaitengeneza. Imeisha."

Nikamtazama Bahizire. Alikuwa anaichunguza chupa yake kana kwamba nayo ina kasoro. Mtu anasifiwa kazi ambayo hakufanya, wateja wamekaa pale wanasikia, atakataa kwa sababu gani?

Arnaud akanyanyua kidole. "Ngoja. Kumbe kulikuwa na tundu? Si ndipo mazutu ilipopitia!"

Nyumba nzima ikacheka. Hata mimi nilielewa kwamba ilikuwa inachekesha. Nikaanza kueleza, hewa, mpira wa tyubu, tenki kubana, nikasikia sauti yangu inavyopanda, na kadiri nilivyoeleza ndivyo walivyonitazama kwa huruma, maana asiye na kosa haongei sana hivyo.

Consolate akanishika mkono, akaninong'oneza. "Kunywa, Télesphore. Usituharibie. Mutu amekuja mpaka kwako."

"Na we unaamini nini?"

"Mi naamini imeisha."

Nikanywa. Walipiga makofi tena.

12 Mei

Honoré amenipa ufunguo wa pili wa kufuli. "Sasa ninakuamini," amesema. "Na uniite Parrain, kama zamani." Nimeuweka mfukoni. Sikumwita kitu.

19 Mei

Hakuna neno. Kayanza, kurudi.

2 Juni

Mvua imekwisha kabisa, vumbi limeanza. Nimepanda Bugarama na chumvi, injini nzuri, pompi nzuri. Kwenye ukuta wa mawe nikasimamisha lori mwenyewe, nikashuka bila kuzima, nikaweka kiganja kwenye mdomo wa kile kijitiyo. Hewa ilikuwa inaingia, inanivuta ngozi kidogo tu. Nilitamani kumwonyesha mtu. Nikahesabu kichwani nani angekuja kutazama, sikupata.

Arnaud akapita na lori lake akishuka, akapunguza mwendo, akatoa kichwa dirishani.

"Bidoni! Imezima tena?"

Nikaitika.